Alisema, Alidai, Kumbe

"Baliniambia kama bwana yangu alikufa." Mpe mtu wa Unguja sentensi hiyo, naye atabaki anasubiri mwisho wake. Walikuambia, au walikuuliza? Na je, alikufa au hakufa? Mpe mtu wa Goma au Bukavu, atakuambia pole, mama. Katika Kiswahili cha Kivu "kama" hufanya kazi ya "kwamba", na mama huyo amekwisha kusema lake: ameletewa habari ya msiba. Kwa watu wa pwani "kama" ikifuata kitenzi cha kujua au kudhani mara nyingi huleta shaka, ndiyo maana tunasema "sijui kama yupo", "sidhani kama atakuja". Wakongo wamelichukua neno hilohilo wakalivusha mto, likafika kwenye yakini. Sisi tumeliacha njia panda.

Sasa mtie mama huyo katika chumba cha mahojiano kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Pembeni yake yuko mkalimani ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni Mbarara, na mbele yake yuko ofisa anayeandika Kiingereza. Kwenye faili sentensi ile inaweza kutoka hivi: aliambiwa kwamba mumewe amekufa. Inaweza pia kutoka hivi: aliulizwa kama mumewe amekufa. Faili la kwanza ni la mjane. La pili ni la mke ambaye mumewe hajulikani alipo, na mtu wa namna hiyo akiomba kupelekwa nchi ya tatu ataulizwa mumewe yuko wapi, ameridhia watoto wasafiri, na kwa nini safari hii anamwita marehemu.

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kama kilometa 60 kutoka Mbarara, na mpaka wa Tanzania hauko mbali. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokuwa wakikimbia Rwanda, na leo ina zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wasudani. Mtaa mmoja unaitwa New Congo. Kiswahili utakisikia madukani, makanisani na kwenye bodaboda, ila ni Viswahili vingi vilivyovaa kanzu moja. Kwa wazee wengi wa eneo hili la Ankole lugha hii ni ya askari, maana ndiyo iliyokuwa ikitumika kutoa amri katika kambi za jeshi, na mwaka 1979 ilirudi mjini Mbarara pamoja na jeshi la Tanzania. Katiba ya Uganda iliifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, lakini faili huandikwa kwa Kiingereza. Fomu ni ya Kiingereza, uamuzi ni wa Kiingereza, na barua anayopewa mtu aende nayo nyumbani akatafute wa kumsomea nayo ni ya Kiingereza.

Jambo ninalotaka kulichambua ni dogo kwa umbo. Ni kitenzi kinachokaa kati ya mtu na maneno yake pale mtu mwingine anapoyabeba. Alisema. Alidai. Alidhani. Aligundua.

Kiingereza kina ghala kubwa la vitenzi hivi. "Say", "tell" na "state" ni vya karani asiyependelea upande: umesema, nimeandika. "Claim" na "allege" ni vya mtu aliyekaa mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Admit" na "deny" ni vya kizimbani. Kisha kuna kundi la "know", "realise", "discover" na "find out", ambalo mwandishi hawezi kulitumia bila kutia sahihi yake chini ya habari. Mwaka 1970 wanaisimu Paul na Carol Kiparsky walichapisha makala iliyolifanya kundi hili lijulikane, na kipimo chake ni rahisi hata kwa Kiswahili. Sema: "Hakugundua kwamba jirani anampeleleza." Umekanusha, lakini jirani bado ni mpelelezi. Sasa sema: "Hakudai kwamba jirani anampeleleza." Jirani ametoka safi. Ofisa anayeandika "aligundua" amekwisha kuamini, na anayeandika "alidai" hajaamini, ingawa wote wawili wamemsikiliza mama mmoja kwenye kiti kimoja.

Hapa niseme kidogo kuhusu "kudai", kwa kuwa na sisi tumeingia katika mchezo huu. Kitenzi hiki hutembea pamoja na "deni", na yote mawili yametoka Kiarabu. Anayedai kwamba alipigwa anatuweka mahali pa mdaiwa: anataka tumlipe imani, nasi bado tunahesabu. "Claim" ya Kiingereza nayo hutumika kwa kiwanja na kwa bima. Katika ofisi za wakimbizi mambo yamekwenda mbali zaidi, kwani habari yote ya mtu, tangu usiku alipokimbia hadi alipovuka mpaka wa Bunagana, inaitwa "claim" kabla hajafungua kinywa. Wanasheria watakuambia ni istilahi tu, haina ubaya. Kwao ni kweli. Lakini kijana aliyeajiriwa juzi kuandika mahojiano anaikuta kwenye kila kichwa cha habari cha fomu, na kufikia aya ya tatu imekuwa kitenzi chake cha kawaida: anadai alizaliwa Masisi, anadai ana watoto wanne, anadai ni mkulima. Nani hudai kuwa mkulima?

Lugha wanazokuja nazo watu hawa hazikosi mizani. Ukitazama vizuri, zina mizani kali kuliko ya Kiingereza, na mwenye kuishika ni msemaji. Kinyarwanda ndicho mfano ulioandikwa zaidi. Mwaka 1974 Talmy Givón na Alexandre Kimenyi, Mnyarwanda mwenyewe, waliandika kuhusu ukweli, imani na shaka katika lugha hiyo. Unaweza kusema "yavuze ko", amesema kwamba, na hapo hujaweka mkono wako popote. Ukisema "yavuze ngo", msikilizaji anajua kwamba habari hiyo unaipokea kwa vidole viwili. Kitenzi hakikubadilika, ni kiungo kidogo tu kilichobadilika, na Mnyarwanda hahitaji kufundishwa tofauti yake. Waganda wanayo "nti" ya kunukuu na "mbu" ya tetesi, na "mbu" wanaipenda mno hata huiingiza katikati ya Kiingereza chao: fulani anaoa, mbu, mwezi ujao. Mnyankole ana "ngu". Msomali husema "la yiri", imesemwa, na msemaji wa kwanza anafichika kama anavyofichika katika "inasemekana" yetu. Na sisi tuna "eti", neno linaloweza kumvua nguo waziri mzima kwa herufi tatu.

Sasa fuata safari ya "ngo" moja. Mzee wa Kinyarwanda anasema wanamgambo walimwita ngo ni msaliti. Maana yake: walisema wao, mimi simo. Mkalimani anageuza: walisema kwamba ni msaliti. Ofisa anaandika: anadai kwamba aliitwa msaliti. Shaka ilikuwapo tangu mwanzo, lakini imehama. Mzee aliwatilia shaka waliomtukana. Kufikia Kiingereza, anayetiliwa shaka ni mzee.

Na kuna neno moja ambalo, kwa kuwasikiliza watu wakisimulia, naona ndilo linalopotea kwa hasara kubwa kuliko yote. Ni "kumbe". Kiingereza hakina neno lake. Kina vishazi virefu vya namna ya "it turned out that", navyo mkalimani aliyechoka na mwenye watu kumi kwenye foleni havikumbuki. "Kumbe" hubeba mambo matatu kwa pamoja: kwamba nilikuwa nikiamini jambo jingine, kwamba saa fulani macho yalifunguka, na kwamba tangu hapo sina shaka. Ni kudhani, kugundua na kujua ndani ya silabi mbili.

Tuseme mwanamke anaeleza hivi: "Yule jirani tulikula naye, watoto wake wanalala kwangu, kumbe ndiye anayepeleka majina yetu kwa askari." Faili litasema anadai jirani yake alipeleka majina yao kwa jeshi. Wiki kadhaa baadaye ofisa mwingine anasoma na kuuliza, kwa haki kabisa kulingana na kilicho mbele yake: kama ulijua jirani anakuchongea, kwa nini uliendelea kukaa pale miezi miwili na watoto wake wakilala kwako? Mwanamke haelewi swali. Alikwisha kulijibu siku ya kwanza. Jibu lilikuwa "kumbe", na "kumbe" halikuandikwa. Hapo huandikwa neno jingine la Kiingereza, kwamba maelezo yake hayana mtiririko wa kuaminika.

Vitenzi vyetu vya hisia navyo huwaponza watu. Mswahili akisema "nikaona bora nikimbie", hakuona kitu kwa macho, aliamua. Akisema "naona wataniua", ametoa maoni yake, na mkalimani akigeuza neno kwa neno anakuwa shahidi wa tukio ambalo halijatokea. Kusikia ni hatari zaidi, kwa kuwa tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia woga na tunasikia kwamba fulani amekamatwa. "Nilisikia moto" ni pua, ni sikio, au ni habari ya jirani? Mwenzake wa kijijini hatauliza. Ofisa asipouliza, ataandika moja kati ya hayo matatu na kulifanya ushahidi.

Nyakati zina mtego wake. Kiswahili kinaponukuu huacha wakati ulivyokuwa kinywani: "Alisema yuko Goma." Kiingereza hurudisha nyuma, kitaandika kwamba alisema alikuwa Goma. Hakuna aliyekosea, ndiyo sarufi yake. Lakini mahojiano husomwa tena kwa mhojiwa ili athibitishe, na mkalimani wa siku hiyo, ambaye si yule wa kwanza, anasoma Kiingereza na kurudisha kwa Kiswahili: ulisema alikuwa Goma. Mama anajibu, sikusema alikuwa, nilisema yuko. Ofisa anaandika kwamba mhojiwa amebadilisha maelezo.

Viwakilishi vipite haraka, maana kila mkalimani anavijua na kila mkalimani ameumizwa navyo. "Jirani aliniambia dada yake alisema ataniua." Nani ataniua? Kiswahili hakijali kama ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza hakiendi mbele bila kuchagua. Kwa Waethiopia jambo ni gumu zaidi, na limewashughulisha hata wanafalsafa wa lugha: mwaka 2003 Philippe Schlenker alitumia Kiamhari kuonyesha kwamba katika lugha hiyo mtu anaweza kusema "Yohana anasema mimi ni shujaa" na shujaa akawa Yohana mwenyewe. "Mimi" humfuata aliyenukuliwa. Mkalimani asiyeijua kanuni hiyo anaweza kumfanya mtu akiri jambo ambalo kamanda alijisifia.

Msomaji atauliza, na ana haki: kwani habari za kuambiwa zina uzito gani mbele ya sheria? Mahakamani, kidogo. Sheria ya Ushahidi ya Uganda imetokana na ile ya India ya mwaka 1872, na kanuni yake ya msingi ni kwamba ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme aliona, aliyesikia aseme alisikia yeye. Lakini maombi ya ukimbizi si kesi ya wizi wa ng'ombe. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unauliza habari ya hofu, kama ina msingi au haina, na hofu nyingi za wenye akili huja kwa kuambiwa. Anayesubiri ayaone mwenyewe hafiki Isingiro. Kitabu cha mwongozo cha UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, cha mwaka 1979 kinalikubali hilo waziwazi: hofu si lazima itokane na yaliyompata mwombaji mwenyewe, yaliyowapata jamaa na rafiki zake yanaweza kutosha. Kitabu hichohicho kinataka mwombaji aliyejitahidi kwa uaminifu kueleza habari yake apewe nafasi ya kuaminiwa pale ushahidi unapopungua. Kwa hiyo katika chumba hiki tetesi ni bidhaa halali. Swali linabaki juu ya kitenzi kinachoipima.

Wapo wasemao kwamba Wakongo na Wasudani Kusini hupokelewa kwa kundi nchini Uganda, kwa hiyo vitenzi haviwagusi. Ni kweli kwa hatua ya kwanza. Warundi nao walikuwa hivyo mpaka 2017, kisha wakaanza kuhojiwa mmoja mmoja mbele ya kamati iliyowekwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Lakini aliyepokelewa kwa kundi atahojiwa siku nyingine: polisi, kwa wahusika wa ulinzi wa watoto, kwa wanaochagua watu wa kwenda nchi ya tatu. Na ataugua.

Akiugua zaidi ya uwezo wa vituo vya afya vya kambini ataletwa hospitali ya rufaa ya Mbarara, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu Kiingereza cha madaktari ndicho chenye vitenzi vya ajabu kuliko vyote. Daktari hufundishwa kuandika kwamba mgonjwa "complains of" maumivu ya kifua na "denies" homa. Ni desturi iliyoenea mbali, na Chuo Kikuu cha Mbarara, kilichoanza mwaka 1989 kwa kufundisha udaktari, kiliirithi kama vyuo vingine. Igeuze kwa Kiswahili uone: mgonjwa analalamika kifua, anakana homa, anakana pombe. Mtu aliulizwa kama ana homa akajibu hapana, na karatasi imempandisha kizimbani. Daktari hana nia mbaya, pengine hata haoni tena maneno hayo. Lakini maneno yanafanya kazi hata yasipoonekana. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha jaribio lililohusisha zaidi ya madaktari wanafunzi 400. Waliwapa maelezo ya mgonjwa mmoja wa selimundu yaliyoandikwa kwa namna mbili, moja ya kawaida na nyingine yenye maneno ya kumtilia shaka. Waliosoma ya pili walimwona mgonjwa kwa jicho baya zaidi na walielekea kumpa tiba hafifu zaidi ya maumivu. Selimundu Uganda inajulikana vizuri, na maumivu yake hayana kipimo cha maabara. Mgonjwa ana neno lake tu.

Nisije nikaonekana kama nataka vitenzi vya shaka vichomwe moto. Mbarara yenyewe inatufundisha kwa nini vipo. Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mhadhiri wa Makerere Robert Siedle, walifika mjini humo kuulizia jambo lililokuwa linasemekana: kwamba askari Waacholi na Walangi wameuawa katika kambi ya kikosi cha Simba. Walitaka kuitoa habari kwenye "inasemekana" wakaifikishe kwenye "imegundulika". Hawakutoka. Jaji David Jeffreys Jones alipewa uchunguzi, na maelezo ya luteni mmoja aliyekuwa amekimbilia Tanzania yalisaidia kuonyesha miili ilikopelekwa. Ripoti ya mwaka 1972 ilihitimisha kwamba waliuawa na wanajeshi wa kikosi hicho. Kiingereza cha mahakama husema jaji "found", alikuta, kana kwamba ukweli ulikuwa umelala chini naye akaukanyaga. Sisi husema mahakama imeridhika, na nadhani neno letu ni la kweli zaidi, maana linakiri kwamba kuna mtu aliyeridhishwa. Hata hivyo, bila hatua ile ndefu ya "alleged", magazeti yangekuwa yananyonga watu kila asubuhi. Magazeti yetu ya Kiswahili yamejifunza "anadaiwa" na "anatuhumiwa" kutoka huko, na yalifanya vizuri kujifunza.

Kosa linaanza shaka inapogawiwa kwa cheo. Soma barua yoyote ya uamuzi uangalie nani anapewa kitenzi gani. Mwombaji anadai. Ripoti ya nchi inaonyesha. Serikali inaeleza. Kamati inakuta. Julai 2010 Wanyarwanda kama 1,700 wa kambi za Nakivale na Kyaka walirudishwa kwao kwa nguvu. Walikuwa wameitwa waje kusikia majibu ya maombi yao, kumbe magari yalikuwa tayari. Habari nyingi za Kiingereza ziliwaita waombaji walioshindwa, na hapo kitenzi kimekwisha kugeuka kivumishi, hakimtaji tena aliyeamua. Waliotoa mwito ule hakuna aliyeandika kwamba walidai wana majibu.

Mimi nahesabu kwamba sehemu kubwa ya madhara haya inazuilika bila kubadili sheria hata moja. Ofisa akiandika "alisema" mahali pote, kwa wote, atakuwa amepunguza nusu ya uzito. Nusu iliyobaki iko kwa wakalimani, na kwenu ndugu zangu mnaokaa kwenye vile viti vya plastiki tangu saa mbili asubuhi nina ombi. Mtu akifika kwenye "ngo", "ngu", "mbu", "eti" au "kumbe", msilimeze. Mwambieni ofisa aliandike neno lenyewe, kwa lugha yake, na maana yake mbele. Na mkisikia "baliniambia kama", kabla hamjafungua mdomo kwa Kiingereza, mgeukieni mama mumuulize taratibu: ulishuhudia, uliambiwa, au ulikuja kujua baadaye?